Kisu cha Safari ya Mlimani: Kidogo, Kikali, Ndani ya Begi

Karibu kila kundi la vijana linalotoka Tanga mjini kwenda kupanda Usambara lina mmoja aliyefunga kiunoni kisu kirefu chenye meno mgongoni, halafu ikifika saa ya chakula hakuna hata mmoja mwenye kisu cha kumenyea chungwa. Mimi napika kwenye misafara hiyo, kutoka Lushoto kupitia Rangwi hadi Mtae, au kutoka Zigi kupandisha Amani. Jiko likiwa langu, visu vyote huishia mikononi mwangu, na nimeona vinavyofaa na visivyofaa. Ninachowaomba wanangu ni hiki: beba kisu kimoja kidogo, kiwe kikali kwelikweli, na kikae ndani ya begi mpaka uwe umekaa chini.

Hebu hesabu kazi zenyewe. Kumenya matunda, kukata vitunguu na nyanya, kukata kamba ya turubai, kupasua mfuko wa unga, kukata plasta ya mguu uliochunwa na kiatu, kuchonga kigingi cha hema, kupata maranda makavu ya kuwashia moto. Bapa la sentimita 8 hadi 10 linazimaliza zote. Dafu silihesabu, maana dafu ni kazi ya panga na muuzaji anakukatia mwenyewe. Kufyeka njia nako si kazi yako. Magamba na Amani ni hifadhi za mazingira asilia, Amani tangu mwaka 1997, na ndani ya hifadhi hukati mti wala tawi bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Hata nje ya hifadhi, kwenye mipaka ya mashamba, usikate fimbo kwenye ua wa mnyaa. Maziwa yake yakiruka yakaingia jichoni, maumivu yake ni makali na jicho linaweza kuharibika. Likikupata, osha kwa maji mengi mfululizo na utafute hospitali siku hiyohiyo.

Sasa ununue kipi? Kisu cha kukunja ni chepesi na hakimtishi mtu, ila angalia kama kina kufuli. Vile vya Victorinox vya Uswisi vyenye mpini mwekundu, saizi iliyozoeleka ya milimita 91, bapa lake halifungwi na kufuli. Kwa kukata ni kizuri sana. Kwa kuchoma au kutoboa, kinaweza kujikunja kikafunga juu ya vidole. Opinel ya Ufaransa ina pete ya kuzungusha inayolishika bapa, imewekwa tangu 1955, nayo ninaipenda kwa kumenya. Tatizo lake ni mpini wa mti: ukungu wa Magamba ukiuingia mti unavimba, na kisu kinagoma kufunguka. Ukikitumia hicho, paka mpini mafuta kabla ya safari na ukifungue mapema, usingoje mpaka vidole vimekufa ganzi kwa baridi.

Kwa jiko la safari mimi nataka kisu kisichokunjwa. Hakina kiungo cha kuingia unga na mchanga, na kukiosha ni mara moja. Mora za Uswidi zina ala ya plastiki inayooshwa, na si nzito. Kama huna, nenda kwa mhunzi. Wengi hufua visu kwa springi za magari, na chuma kile kinanoleka upesi na kushika makali, ingawa kinashika kutu upesi vilevile. Kabla ya kulipa, kitazame kwenye mwanga. Chuma kiwe kimeingia ndani ya mpini mpaka mwisho, si nusu. Shika bapa kwa kitambaa, tikisa mpini. Ukicheza hata kidogo, kirudishe. Tazama makali kutokea nchani: mstari uwe umenyooka, bila mawimbi. Na uulize ala. Kisu kisicho na ala siingii nacho kwenye gari, hata kiwe kizuri vipi.

Kwenye gari kisu kinakaa katikati ya begi, ndani ya ala, kimezungushiwa kanga au taulo, na begi linaingia kwenye buti. Kijana wa stendi ya Kange akinipokea mzigo, "Shikamoo mama, nikuwekee chini?" namjibu, "Marahaba mwanangu, weka, lakini humo mna visu vya jikoni, usilitupe." Maneno hayo machache yanamlinda yeye na yananilinda mimi, maana kitu kilichotajwa mapema hakimshtui mtu kikionekana baadaye. Kutembea hadharani umejifunga silaha bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu, ni kosa la jinai hapa nchini. Sababu yako itaeleweka kirahisi zaidi kisu kikiwa pamoja na sufuria na vitunguu kuliko kikiwa kiunoni mwako sokoni. Anayekuja kwa ndege akiweke kwenye mzigo unaoandikishwa, kamwe si kwenye begi la mkononi, kwa kuwa atanyang'anywa palepale kwenye ukaguzi.

Mombo ukishuka, ukapanda Soni mpaka Lushoto, ukaanza kutembea kwa miguu, kisu bado kiko ndani. Njia za Usambara zinateleza. Udongo mwekundu ukilowa, mtu anaanguka akiwa amekaza macho mbele, na aliyejifunga kisu kiunoni au kukining'iniza shingoni anakiangukia. Kiweke kwenye mfuko wa juu wa begi, mahali ambapo mkono wako unafika bila kufumua mzigo wote. Unapita pia kwenye viwanja vya watu. Ukifika kwa mzee kuomba pa kupiga hema, unaanza na shikamoo babu, unakaa unapooneshwa, unaeleza mlikotoka na mnakokwenda. Kisu kitatoka baadaye, wakati wa kupika, na ni vizuri kwanza uulize moto uwashwe wapi.

Kuna wanaobeba kisu kwa ajili ya wanyama na wezi. Nyani hatakimbia kwa sababu ya kisu. Funga chakula chako, usimkazie macho, rudi nyuma polepole. Mwizi naye ukimtolea kisu umemfundisha kutoa chake. Toa simu, ubaki na uhai.

Na nyoka! Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu bado watu wanalifanya. Mtu akiumwa na nyoka, usichanje jeraha, usinyonye, usikaze kamba juu yake. Kuchanja hakutoi sumu. Kunaongeza damu na kidonda cha pili. Mtulize, vua pete na viatu kabla uvimbe haujaja, funga kiungo kwa kijiti kilichonyooka na kitambaa kisichezecheze, mbebeni mpaka hospitali. Kisu hapo kazi yake ni kukata kanga ya kufungia tu.

Tuje kwenye kukata. Kabla ya kukata chochote, kaa. Nyoosha mkono ulioshika kisu kikiwa ndani ya ala, uzungushe pande zote: kama unamgusa mtu, mmoja wenu ahame. Usikatie kitu katikati ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na kisu kikiteleza pale, mtu anaweza kufa ndani ya dakika chache, nanyi mko mbali na barabara. Egemeza viwiko juu ya magoti, mikono iwe mbele ya magoti, au kata upande wa kando. Makali yaelekee nje. Kisu kikikuponyoka, kiache kianguke na wewe vuta miguu; chuma kinanoleka tena. Kumpa mwenzako, shika mgongo wa bapa, mwelekezee mpini, na usiachie mpaka aseme "ahsante". Jikoni kwangu hiyo ahsante ndiyo ruhusa ya kuachia, na hata watoto wa miaka kumi wanaishika siku ya kwanza.

Chungwa la Muheza ndilo nililofundishia wengi. Lishike mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia, kidole gumba cha kulia kitulie kwenye ganda mbele ya makali kidogo, chini yake, si njiani mwake. Anza juu kwenye kikonyo. Usisukume kisu, zungusha chungwa, kisu kikae palepale. Ganda linatoka utepe mmoja mwembamba na ngozi nyeupe inabaki, ili juisi isikumwagikie. Ukiona unalazimisha, simama: kisu chako ni butu. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakikandamiza, kisha kinaruka. Fenesi nalo, pakaza mafuta ya kupikia kwenye bapa na viganjani kabla ya kulipasua, la sivyo utomvu utakuganda mpaka kesho.

Beba kibao chembamba cha kukatia. Kukatia juu ya mfuniko wa sufuria au jiwe kunaua makali kwa chakula kimoja. Kata kachumbari kwanza, nyama mwisho, halafu osha kisu kwa maji moto na sabuni kabla hakijagusa kitu kingine. Tukipata kuku wa kienyeji huko juu, ninamwomba anayejua achinje, na kisu kinanolewa mapema, mbali na kuku. Dini yetu ya Kiislamu inataka makali yawe kamili na mnyama asioneshwe kisu kikinolewa, na hilo ni huruma hata kwa asiyeshika dini hiyo.

Moto wa mlimani unasumbua kwa sababu kuni ni mbichi nje. Ndani ya kuni iliyokufa ikiwa bado imesimama, mti ni mkavu. Chukua kipande kisichozidi unene wa kifundo cha mkono, kiwe hakina fundo. Weka makali juu ya kichwa chake, gonga mgongo wa kisu kwa kijiti kingine mpaka kipasuke. Fanya hivi kwa kisu kisichokunjwa tu, chenye chuma hadi mwisho wa mpini. Cha kukunja kitavunjika kiungo. Kisha chukua ukuni wa katikati na uuparure maranda membamba, yakibaki yameshikana na ukuni. Yakijikunja vizuri yanashika kiberiti kimoja. Moto wenyewe uwe mahali paliporuhusiwa, hasa ndani ya hifadhi.

Kunoa nafanya usiku kabla ya safari. Kinoo kinaloweshwa maji. Laza kisu, kisha inua mgongo: kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, mgongo ukiwa milimita 7 hivi juu ya jiwe, umepata nyuzi 20, pembe inayofaa kwa jiko na kwa mti. Sukuma kana kwamba unataka kukata tabaka jembamba la jiwe, kutoka shinani mpaka nchani, bila kubadili pembe. Rudia upande huohuo mpaka ukipitisha kidole upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, usikie chuma kimejikunja kinakwaruza. Hapo ndipo unageuza. Kikijikunja na huku, punguza nguvu, badilisha pande kila msukumo, na malizia kwa kukivuta kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Kijaribu kwenye ngozi ya nyanya iliyoiva: kisu kikali kinaingia bila kuibonyeza. Tupa siitumii, inakula chuma upesi. Njiani, kama makali yamelala, pindua kikombe cha kauri: ule ukingo wa kitakoni usio na rangi unanoa vizuri kwa dharura.

Hewa ya chumvi ya Tanga inakula chuma. Kisu cha mhunzi kikikata ndimu au embe bichi kinageuka cheusi, na weusi huo hauna ubaya, lakini kutu nyekundu inakula makali. Kifute kila baada ya kazi na upake mafuta ya nazi, ambayo hata yakigusa chakula hayadhuru. Usishtuke Lushoto ukiyakuta yameganda meupe ndani ya chupa. Yanaganda chini ya nyuzi joto 24, yapashe kiganjani. Na nyumbani usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu, na ukikitoa mwezi unaofuata utakuta madoa.

Mtu akijikata, bonyeza kitambaa safi juu ya jeraha kwa nguvu dakika 10 kamili, bila kufunua kuchungulia, na mkono uinuliwe juu. Nyingi husimama hapo. Osha kwa maji safi, funga. Damu ikiruka kwa kufuata mapigo na haikubali kubonyezwa, ndipo unapofunga kitambaa kipana kati ya jeraha na kiwiliwili, unakaza kwa kijiti, unaandika saa uliyofunga, na mnateremka bila kuchelewa. Vidole vikikosa hisia au kushindwa kukunjika, hilo nalo si la plasta, ni la daktari. Hata jeraha dogo likifunga lenyewe, ukirudi mjini pita kituo cha afya uulize kama chanjo yako ya pepopunda bado ina nguvu.