Pikapu za gitaa la besi: namna ya kuzichanganya ili besi isikike ndani ya bendi

Wapiga besi wengi wa kwaya na bendi hapa Mwanza hufika jukwaani, huchomeka waya, hufungua nobu zote mpaka mwisho, kisha humwachia fundi mitambo kazi yote. Besi ikizama, lawama zinaiendea spika. Mimi nasema anzia kwenye gitaa lenyewe. Mikisa inaongeza na kupunguza kile ilicholetewa tu. Sauti ambayo pikapu (ile sumaku yenye koili ya waya, inayonasa mtetemo wa nyuzi) haikuinasa, hakuna nobu ya kuirudisha.

Hatua ya 1: Jua gitaa lako lina pikapu gani

Tazama chini ya nyuzi. Ukiona pikapu moja iliyogawanywa vipande viwili, kimoja kimesogea kuliko mwenzake, huo ni mtindo wa Precision. Kampuni ya magitaa ya Fender ilianza kuuza Precision mwaka 1951, na pikapu hiyo ya vipande viwili ikaja mwaka 1957. Ukiona pikapu mbili ndefu nyembamba, moja upande wa shingo na nyingine karibu na daraja (pale nyuzi zinapofungwa mwilini mwa gitaa), huo ni mtindo wa Jazz, uliotoka mwaka 1960. Zipo pia besi zenye pikapu ya vipande viwili upande wa shingo na pikapu nyembamba upande wa daraja. Hizo huitwa PJ.

Kama besi yako ina betri ya volti 9, chomoa waya kila unapomaliza kupiga. Waya ukibaki umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata gitaa likiwa limelala kwenye begi.

Nitatumia Jazz kama mfano kwa sababu ndiyo yenye michanganyiko mingi. Ina nobu tatu: volyumu ya pikapu ya shingo, volyumu ya pikapu ya daraja, na toni.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyoficha sauti

Tuni nyuzi zote: E, A, D, G. Kwenye amplifaya au mikisa weka nobu za besi (sauti za chini), midi (sauti za kati) na trebo (sauti za juu) katikati, halafu fungua toni ya gitaa yote. Chagua mahali pa kuvutia nyuzi na mkono ubaki hapohapo hadi umalize zoezi, maana ukiusogeza kuelekea daraja sauti inabadilika hata kama hujagusa nobu.

Hatua ya 3: Shingo peke yake

Funga volyumu ya daraja. Piga uzi wa E wazi, uache ulie. Uzi huo unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, na upande wa shingo unacheza kwa upana, kwa hiyo pikapu ya hapo inanasa uzito wake wote. Sauti inakuwa nene na ya duara. Inafaa tenzi za taratibu na nyimbo ambazo kinanda kinapiga kwa upole.

Hatua ya 4: Daraja peke yake

Sasa geuza: funga shingo, fungua daraja. Karibu na daraja uzi hauna nafasi ya kucheza, hivyo uzito unapungua na sauti za kati zinajitokeza mbele. Inatokea puani kidogo, kama mtu mwenye mafua. Ukiwa chumbani peke yako utaiona nyembamba na utataka kuiacha. Usiiache. Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani, alijijengea jina duniani akiegemea pikapu hii, kwa sababu kila noti inasikika ilipoanzia na ilipoishia. Kwa sebene ya kasi, noti zikifuatana mbiombio, hii ndiyo itakayokuokoa.

Hatua ya 5: Zote mbili, sawasawa

Fungua zote hadi mwisho. Kwanza sikiliza ule mvumo wa umeme, hasa mnapotumia jenereta au ukiwa chini ya taa za tyubu. Pikapu moja ikiwa wazi peke yake, mvumo upo. Zote zikiwa wazi sawasawa, unakufa. Hii ni kwa sababu koili ya moja imezungushwa kinyume cha nyingine na sumaku zake zimegeuzwa: mvumo unaingia kwa pande zinazopingana na kufutana, lakini sauti ya nyuzi inajumlishwa.

Kuna gharama yake. Pikapu mbili zinausikia uzi mmoja katika sehemu mbili tofauti, na baadhi ya sauti za kati nazo zinafutana. Inabaki sauti safi, yenye chini na juu, tamu sana ukiwa peke yako na nzuri kwa kupiga kwa kidole gumba. Dramu, magitaa mawili na kinanda vikiingia, ndiyo inayopotea kwanza, kwa kuwa sikio huitambua besi kwenye sauti hizo za kati zilizoondoka.

Hatua ya 6: Tafuta mchanganyiko wako bendi ikiwa inapiga

Hapa ndipo usiwe na haraka. Anza na zote wazi, kisha punguza shingo kidogo kidogo. Katika mwanzo wa mzunguko wa nobu utasikia badiliko kubwa: sauti za kati zinarudi, noti zinapata sura. Mvumo nao utarudi kidogo. Ukubali kama ni mdogo.

Kwaya ikiimba kwa mapigo ya Kisukuma na kuna ngoma kubwa za bugobogobo, zile ngoma zimeshajaza chini kote. Ukiongeza shingo hapo mnagombania nafasi moja, na ngoma itashinda. Egemea daraja. Ikiwa ni kinanda na waimbaji watatu tu, fanya kinyume: shingo yote, daraja robo tatu. Mtu asimame nyuma ya ukumbi akusikilizie, kwa sababu ulipo wewe, mbele ya spika yako, hupati picha kamili.

Hatua ya 7: Urefu wa pikapu

Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu. Milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G ni mwanzo mzuri. Zungusha skrubu kidogo kidogo. Pikapu ya daraja inaweza kupandishwa zaidi kwa sababu uzi wa hapo una nguvu ndogo. Ukizidisha, sumaku itauvuta uzi na noti haitakaa kwenye tuni.

Kama zote mbili pamoja zinatoa sauti kavu isiyo na chini kabisa

Hapo pikapu zinapingana. Hutokea sana baada ya kubadilisha pikapu moja na kuacha ya zamani. Mpelekee fundi abadilishane nyaya mbili za pikapu moja, ule wa moto uende kwenye ardhi na wa ardhi uende kwenye moto. Uzito ukirudi lakini mvumo ukabaki hata zote zikiwa wazi, basi pikapu hizo si jozi: sumaku zake zinatazama upande mmoja, na dawa ni kununua seti ya mbili zilizotengenezwa pamoja.