Kipokezi cha seli kwa khanga, uzi na maharage

Nafundisha wanafunzi wa uuguzi hapa Kigoma, na somo la vipokezi, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazopokea ujumbe wa homoni, huwa linawatoa jasho. Mfano wa kufuli na ufunguo nimeuacha: ufunguo huingia, halafu mwanafunzi anaandika kwamba homoni ya adrenalini imeingia kwenye seli, kumbe hubaki nje. Siku hizi tunafanya hivi.

1. Funga khanga kuukuu (utaitoboa) kati ya viti 2. Huo ni utando wa seli. Juu ni nje, chini ni ndani. Chukua sindano na uzi wa kushonea nyavu, anzia juu, pitisha mara 7, mwisho uning'inie chini. Vipokezi vya adrenalini vimeshonwa hivyohivyo.

2. Vuta kidogo uzi wa juu, kama homoni inavyokishika kipokezi. Umeona wa chini ulivyocheza? Homoni haikuvuka, ila umbo limebadilika hadi ndani.

3. Chini weka maharage 3, moja jekundu: hiyo ni protini G, inayopokea ujumbe wa kipokezi ndani ya seli. Jekundu, yaani alfa, limeshika nusu punje ya hindi, yaani molekuli ndogo iitwayo GDP. Uzi ukicheza, linaiachia na kuchukua punje nzima, GTP, kisha linawaacha wenzake. Kipokezi kimoja huamsha protini G nyingi, kwa hiyo andaa maharage ya kutosha.

4. Jekundu likigusa kisahani (kimeng'enya adenili siklazi), anza kumwaga mchanga wa ziwani. Kila chembe ni saikliki AMP, molekuli inayosambaza ujumbe ndani ya seli, iliyotengenezwa kutoka ATP, molekuli ya nishati. Kwenye utumbo, ikizidi, milango ya kloridi hufunguka na maji hufuata.

5. Hapa ndipo wengi hukosea. Alfa lenyewe huivunja punje kuwa nusu, kisha hurudi kwa wenzake na mchanga husimama. Kuna binti alisahau kuikata. Mchanga ukafunika sakafu, akaanza kuomba radhi. Nikamwambia auache, maana hicho ni kipindupindu. Sumu yake haipitii kipokezi hiki, huingia ndani kwa njia nyingine na kumzuia alfa asiivunje GTP. Darasa likanyamaza, baadhi yao walikuwepo Kagunga, hapa Kigoma, kipindupindu kilipozuka mwaka 2015.

6. Sasa toboa khanga pembeni, mbali na uzi. Huo ni mlango mwingine, unaopitisha chumvi na sukari kwa pamoja, na sumu haiugusi. ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, hupitia hapo, ikivuta maji nyuma yake, hata mchanga ukiwa bado unamwagika.