Kishikio chekundu: kupunguza mafuta ndege inapopanda

Wanafunzi wengi wakija kwangu wanaijua throtoli, kishikio cha nguvu ya injini, vizuri, lakini kishikio chekundu, kile kinachopanga kiasi cha mafuta yanayochanganywa na hewa, wanakiogopa. Wanakisukuma ndani hadi mwisho wakati wa kuwasha na hawakigusi tena mpaka wa kuzima. Gharama yake fundi ndiye huiona, akifungua plagi na kuzikuta zimejaa masizi na vipunje vya madini ya risasi.

Kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na mafuta, hupima hewa kwa ujazo; uzito wake haiujui. Kwenye futi 5,000 hewa ina takriban asilimia 86 ya uzito wa ile ya usawa wa bahari, na kwenye futi 10,000 ni kama 74. Mafuta hayapungui kwa kasi hiyo, kwa hiyo kadiri unavyopanda ndivyo mchanganyiko unavyozidi kuwa mzito, yaani mafuta yanazidi hewa. Petroli huungua barabara kwa karibu kilo 15 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Nguvu kubwa zaidi hupatikana kwenye kilo 12 na ushei za hewa.

Ukishafika urefu wa safari, weka nguvu ya safari, chini ya asilimia 75 kwa injini nyingi, na uiache itulie. Sasa vuta kishikio polepole. Kama ni cha kuzungusha, kizungushe; usibonyeze kitufe cha katikati ukavuta kwa pupa. Kwenye propela ya pembe moja, ambayo mapanga yake hayageuzwi pembe, tazama mizunguko ya injini kwa dakika: itapanda kidogo, itasimama, kisha itaanza kushuka na injini itatikisika. Anayelalamika hapo ni silinda moja tu, ile inayopata mafuta machache kuliko wenzake. Rudisha ndani mpaka mtikisiko uishe, halafu ongeza kidogo tena.

Mwenye kipimajoto cha moshi unaotoka kwenye injini ana kazi rahisi zaidi. Tafuta kilele cha joto, kisha ongeza mafuta mpaka joto lishuke kama nyuzi 100 za Fahrenheit ukitaka nguvu. Joto la vichwa vya silinda mimi sipendi lipite nyuzi 400 za Fahrenheit.

Utasikia kwamba chini ya futi 3,000 kishikio hakiguswi. Siikubali kanuni hiyo. Soma kitabu cha ndege yako: kinachoangaliwa zaidi ni nguvu unayotumia, na altimeta, kipimo cha urefu, peke yake inadanganya. Uwanja ulio futi 5,000 juu ya usawa wa bahari unatarajiwa kuwa na nyuzi 5 za Selsiasi. Ukikuta 30, kila nyuzi ya ziada inaongeza kama futi 120, na injini inapumua hewa ya futi 8,000. Hapo, kabla ya kuruka, fungua throtoli yote ukiwa umeshika breki, vuta kishikio mpaka mizunguko ifike juu kabisa, kisha rudisha kidogo. Injini yenye tabo, kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, haifanyiwi hivyo; hiyo huruka na mafuta kamili.

Ukiteremka, ongeza mafuta kidogo kidogo njia nzima. Ukisahau, siku utakayolazimika kuahirisha kutua na kusukuma throtoli, injini itakohoa palepale unapoihitaji.

Na ardhini, unapotembeza ndege, punguza mafuta kwa nguvu au usiguse kabisa. Ukipunguza nusunusu unaweza kusahau na kuruka hivyo hivyo. Ukipunguza sana, injini itagoma mara tu unapofungua throtoli, nawe ungali chini.