Kukaa fleti Unguja bila kugombana: mwenye nyumba afanye nini na mpangaji afanye nini

Mie nimekaa mpangaji kwenye majumba ya Michenzani miaka tisa, ghorofa ya nne, alafu Mungu akajaalia nikapata fleti yangu Kikwajuni, na kuna mwaka niliikodisha kwa hiyo nimeonja pande zote mbili. Nikiwa mpangaji nilikuwa nasikia mwenye nyumba akisema "hawa wapita njia tu". Nikawa mwenye nyumba nikasikia mpangaji wangu akimwambia jirani "mie si kwangu hapa, mwiteni mwenyewe". Ugomvi karibu wote wa kwenye majumba nimeuona unatoka kwenye maneno hayo mawili, ndo mana naandika haya.

Kwanza ujue unakaa kwenye nini. Ukiwa na nyumba yako Chukwani au Tomondo, ukuta wako, bati lako, ua wako. Fleti sio hivyo. Tuna sheria ya kondominiamu tokea mwaka 2010 na maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba cha kwako peke yako ni kile kilichomo ndani ya mlango wako, lakini ngazi, paa, kuta za nje, paipu kuu, uwanja wa chini, hivo ni vya wenye fleti wote kwa pamoja na huwezi kusema mie nakaa chini paa halinihusu. Kwenye majumba mapya kama ya Fumba na Mbweni watu wameingia wakijua kuna sevisi chaji, yaani pesa ya huduma za jengo, kila mwezi na kuna watu wa kusimamia. Haya ya zamani, Michenzani, Kikwajuni, Kilimani, na Pemba kule Madungu na Wete, mambo mengi yanakwenda kwa mazoea tu na hapo ndo lazima watu wenyewe wakae kitako.

Na mazoea yenyewe yana asili yake. Mzee Karume alipojenga majumba haya kwa msaada wa Ujerumani Mashariki watu walitoka kwenye nyumba za Ng'ambo, ule upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nyumba zenye ua nyuma na baraza mbele. Ua ndo seredani (jiko la mkaa), kinu, kuku, kamba ya nguo. Ukapanda ghorofa ya tatu ua huna, baraza huna, basi vyote vikahamia kwenye ngazi na varanda. Mie simlaumu mtu kwa hilo, bibi yangu alikuwa hivyo hivyo, lakini ngazi ni njia ya milango kumi na mbili.

Haya, unataka kukodi. Usiende kuangalia fleti saa nne asubuhi na dalali ukaridhika. Rudi peke yako baada ya magharibi, panda ngazi kwa miguu yako, uone kama kuna taa, unuse, usikilize. Mkute mama wa mlango wa jirani umuulize maji ya ZAWA (mamlaka ya maji) yanakuja siku gani na yanapanda mpaka ghorofa gani, mana mara nyingi hayafiki juu kwa nguvu yake, yanaishia chini na wa juu wanategemea pampu na tangi. Uliza pampu ya nani na umeme wake unatoka kwenye mita gani. Hili usilipite, nimewahi kukaa miezi minne naongeza TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) na units zinaisha kama maji, kumbe pampu ya ngazi nzima imeungwa kwenye mita ya fleti niliyokodi na mwenyewe hakuniambia.

Alafu ujue mwenye nyumba ni nani hasa. Fleti nyingi za kwetu ni za urithi, mzee kafariki, watoto saba, mmoja yupo Muscat mmoja Dar, wewe umemlipa kodi ya miezi sita huyu wa hapa, baada ya mwezi anakuja dada yake anakwambia yeye hakushirikishwa. Kwa hiyo mkataba uandikwe, useme anaepokea kodi anapokea kwa niaba ya warithi wenzake na wenyewe wajue, na sheha, kiongozi wa shehia yenu, awe na habari. Kwa sheha utakwenda tu, ukihamia shehia mpya lazima ujulikane, basi nenda na kitambulisho chako na mkataba wako siku hiyo hiyo ya kwanza.

Siku ya kuhamia piga hodi milango yote ya ngazi yako. Yote, hata ule wa chini kabisa. "Assalam alaykum, mie fulani nimehamia juu pale, nna watoto wawili, mkisikia kelele nambieni." Dakika kumi hazifiki. Na wewe mwenye nyumba ukileta mpangaji mpya panda nae, mtambulishe mwenyewe, usimtupie funguo tu kwa dalali. Mpangaji alotambulishwa na mwenye nyumba huwa hafanywi mgeni miaka yote, nimeliona hili kwa macho yangu.

Sasa pesa, hapa nataka nikae kidogo. Mgawanyo unaofaa, na ndo tuliokubaliana kwenye ngazi yetu baada ya kugombana sana, ni huu: kinachotumika kila siku alipe anaekaa, kinachohusu jengo lenyewe alipe mwenye fleti. Umeme wa pampu, taa ya ngazi, kumlipa kijana anaepeleka taka jaani, kuosha tangi, hayo ya anaekaa awe mwenyewe awe mpangaji. Kupaka lami paa, kubadilisha paipu kuu, kununua pampu mpya, kuziba nyufa za nje, hayo ya mwenye fleti hata kama yeye yupo Uingereza na mlango umefungwa na kufuli. Kuna mtu alitwambia fleti yangu tupu mie silipi. Umeme wa pampu tukamwambia sawa, hutumii maji. Paa hapana, paa linamlinda hata akiwa hayupo.

Mota ya pampu yetu iliungua ikatakiwa shilingi 180,000. Milango 12, kila mlango 15,000. Ilichukua wiki tatu kukusanya na wiki tatu zote kina mama wa ghorofa ya nne wanabeba ndoo, mmoja wao mjamzito. Baadae tukaamua kila mlango utoe 5,000 kwa mwezi, ni 60,000, kwa miezi mitatu ile mota ishalipwa kabla haijaungua. Pesa anaweka mtu mmoja, daftari anaweka mwengine, na wa daftari tulimchagua mpangaji makusudi. Wenye nyumba wawili walinuna, wakasema daftari la jengo letu ashike mtu asie na kitu hapa, lakini baada ya miezi miwili wakanyamaza mana yule dada kila tarehe moja anabandika karatasi chini ya ngazi, nani katoa na kimetumika nini, na kupitia hiyo karatasi wapangaji wengine wakaanza kutoa bila kufuatwa. Kisheria jumuiya ya kondominiamu ni ya wenye fleti, mpangaji hana kura kule, sawa, lakini anaebeba ndoo ndo anaejua pampu imeanza kulia vibaya. Mwiteni kwenye kikao mumsikilize.

Maji kuvuja kutoka juu. Hili ndo linavunja watu undugu. Umeamka dari la chooni lina doa, linadondoka. Usisimame dirishani ukapiga kelele "nyie wa juu mnatumwagia najisi", ukishasema neno hilo hamuongei tena mpaka Idi. Subiri asubuhi, panda, mwambie jirani "dada hebu njoo uone kwangu", mshushe aone kwa macho yake. Alafu mfunge maji ya chooni kwake kuanzia usiku mpaka asubuhi, msitumie. Likikauka, paipu au sakafu ya kwake ndo inavuja. Likiendelea, angalieni paipu kuu inayoshuka, na hiyo ni ya wote kwa hiyo wanalipa wenye fleti wote. Ikiwa ni ya kwake na yeye mpangaji, jamani msimkabe, hana ruhusa ya kuvunja sakafu ya mtu. Lipigeni picha lile doa pamoja, mumtumie mwenye nyumba wake, na mwenye nyumba ulete fundi ndani ya wiki. Usiseme "nitakuja mwezi ujao nikichukua kodi". Nondo za majumba haya zina miaka mingi, maji yakizifikia zege linapasuka na hapo unaharibu fleti mbili.

Mengine nayapitia haraka. Kinu: tandika gunia lilokunjwa chini yake na usitwange baada ya isha. Seredani isiwekwe kwenye ngazi, moshi wote unaingia mlango wa juu. Nguo za kuchuruzika zikamue kwanza, mwenzio wa chini kaanika karafuu au samaki. Kodi za siku kwa wageni wa Airbnb, wewe mwenye fleti ndo mwenye mzigo: bandika karatasi mlangoni kwa ndani, ngazini watu wavae nguo, hasa Ramadhani, usiku wasiburute masanduku, na namba yako ya simu majirani wote wawe nayo. Usimuachie mgeni wa siku mbili akaonywe na bibi wa miaka sabini.

Kuhusu ngazi lakini siwezi kupita haraka. Baiskeli, ndoo, vigari vya watoto, kabati bovu, kila mtu anaweka kimoja tu. Mwaka wa sita wangu Michenzani alifariki mzee ghorofa yangu, mlango wa pili. Jeneza likashindwa kupinda kwenye kona ya ghorofa ya pili kwa kabati la mtu. Wanaume wamelibeba mabegani, wengine wanavuta kabati, watoto wa marehemu wamesimama juu wanaangalia. Mwenye kabati alilia mbele ya watu. Tokea siku ile ngazi yetu haiwekwi kitu na hakuna alotunga sheria. Basi nyie msingoje, leo baada ya alasiri tokeni milango yote, kila mtu aingize chake ndani, kisichokuwa na mwenyewe kipelekwe jaani.

Ramadhani sahani ya futari ipande kwa mpangaji pia. Najua inaonekana kitu kidogo. Mwaka wangu wa kwanza sahani zilikuwa zinapita mbele ya mlango wangu kwenda kwa wenyewe kwa wenyewe, mwaka wa pili bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza akapanda na magoti yake mabovu kuniletea muhogo wa nazi, na mie kuanzia wiki ile nikawa nafagia ngazi mpaka chini.

Ukihama, wiki moja kabla mwambie wa daftari, lipa mwezi wako wa mwisho, msomee mwenye nyumba mita ya TUKUZA mkiwa pamoja mpige picha, mrudishie funguo mkononi, na ukarabati uloufanya kwa pesa yako mkubaliane hapo hapo unabaki au unang'olewa. Alafu panda ngazi tena, milango yote, uage.