Kupunguza Ukubwa wa Otomata kwa Uhusiano wa Uigaji, Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa ameunganisha ruwaza nyingi za kutafutia matukio katika faili za logi za seva, akajikuta na otomata isiyo bainifu (mashine ya hali na mipito ambamo herufi moja inaweza kukupeleka kwenye hali zaidi ya moja) iliyokuwa kubwa mno kwa programu yake. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuigeuza iwe bainifu, kisha kuipunguza kwa algoriti ya Hopcroft ya mwaka 1971. Njia hiyo ni sahihi, lakini otomata isiyo bainifu yenye hali n inaweza kuzaa otomata bainifu yenye hali 2ⁿ. Kuitafuta otomata isiyo bainifu iliyo ndogo kuliko zote nako ni kazi nzito: Jiang na Ravikumar walithibitisha mwaka 1993 kwamba tatizo hilo limo miongoni mwa magumu kabisa ya daraja la PSPACE, yaani matatizo yanayotatulika kwa kumbukumbu ya kiasi cha polinomia. Uhusiano wa uigaji, ambamo hali moja inaweza kufuata kila hatua ya nyingine, ni dhana aliyoitoa Robin Milner mwaka 1971; hauahidi udogo wa mwisho, ila hukokotolewa kwa muda wa polinomia na, ukitumiwa vizuri, hauigusi lugha ya otomata, yaani seti ya maneno inayoyakubali.

Nitatumia mfano mmoja mdogo. Hali ya kuanzia ni 0, hali za kukubali ni 3 na 4, na mipito ni hii:

0 –a→ 1
0 –a→ 2
0 –b→ 1
1 –b→ 3
2 –b→ 3
2 –c→ 4

Lugha yake ina maneno matatu tu: ab, ac na bb.

Hatua ya 1: Safisha

Ondoa mipito ya epsiloni (isiyosoma herufi yoyote), hali zisizofikika kutoka mwanzo, na hali zisizoweza kufika kwenye hali yoyote ya kukubali. Usafi huu wa mwisho ndio unaosahaulika. Mpito unaoelekea kwenye hali mfu hauongezi neno lolote kwenye lugha, lakini kila hali inayotaka kumwiga mwenye mpito huo italazimika kuwa na mpito wa herufi hiyohiyo. Kwa hiyo hali mbili zenye lugha moja zitaonekana tofauti, nawe utakosa kuziunganisha.

Hatua ya 2: Kokotoa uigaji wa mbele

Tunasema q inaiga p, na kuandika p ≤ q, masharti mawili yakitimia. La kwanza, ikiwa p ni hali ya kukubali, basi q nayo iwe ya kukubali. La pili, kwa kila mpito unaotoka p kwenda p′ kwa herufi fulani, q iwe na mpito wa herufi hiyo kwenda q′ ambayo p′ ≤ q′. Tunautafuta uhusiano mkubwa kuliko wote unaotimiza masharti haya, na njia ya kuupata ni kuanza na jozi zote kisha kufuta zile zinazovunja sharti, hadi pasibaki ya kufutwa.

Katika mfano wetu kuna jozi 25. Sharti la kwanza linafuta 6, yaani zile zinazodai kwamba 0, 1 au 2 inaiga 3 au 4, na zinabaki 19. Hali 0 ina mpito wa a ambao hakuna hali nyingine iliyo nao, kwa hiyo jozi 4 nyingine zinaanguka. Jozi ya 1 ≤ 0 inaanguka kwa sababu 1 kwa herufi b inafika 3, ilhali 0 kwa b inafika 1, na 3 ≤ 1 imekwisha kufutwa. Ukiendelea hivyo zinabaki jozi 8: kila hali na yenyewe, 3 ≤ 4, 4 ≤ 3, na 1 ≤ 2.

Algoriti ya Henzinger, Henzinger na Kopke ya mwaka 1995 huifanya kazi hii kwa muda unaolingana na idadi ya hali mara idadi ya mipito. Pamoja na hayo, kwa otomata ya hali mia chache ninapendekeza kwa dhati uanze na kitanzi rahisi cha kufuta jozi, katika Python, ambapo kila hali inashikiliwa na namba kamili moja ambayo biti zake zinaonyesha hali zinazoiiga. Namba za Python hazina kikomo cha ukubwa, ukokotoaji wa biti ni wa haraka, na kodi inasomeka. Kodi ya haraka usiyoweza kuikagua kwa macho haina faida hapa.

Hatua ya 3: Unganisha hali zinazoigana

Unganisha p na q pale tu p ≤ q na q ≤ p zote zinapokuwepo. Katika mfano, 3 na 4 zinakuwa hali moja, tuiite 3. Hali 1 na 2 haziunganishwi, kwa kuwa uigaji ni wa upande mmoja. Ukiziunganisha, neno bc litakubaliwa ilhali halimo katika lugha.

Hatua ya 4: Pogoa mipito

Uigaji wa upande mmoja una kazi yake hapa. Ikiwa kutoka hali moja, kwa herufi moja, unaweza kwenda r au s, na r ≤ s, basi mpito wa kwenda r unaweza kuondolewa, kwa sababu kila kitakachokubaliwa kupitia r kitakubaliwa pia kupitia s. Kwetu, 0 –a→ 1 unaondoka kwa kuwa 0 –a→ 2 upo. Hali za kuanzia nazo hupogolewa vivyo hivyo: r na s zote zikiwa za kuanzia na r ≤ s, r inavuliwa nafasi hiyo. Zingatia kwamba kupogoa huja baada ya kuunganisha. Ukipogoa kabla, r na s zinazoigana zitaondoana, kila moja kwa kisingizio cha mwenzake, na njia zote mbili zitapotea.

Sasa tuna hali 4 na mipito 5: 0 –a→ 2, 0 –b→ 1, 1 –b→ 3, 2 –b→ 3 na 2 –c→ 3.

Hatua ya 5: Rudia kwa uigaji wa nyuma

Hapa ndipo muda mwingi hupotelea, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Uigaji wa nyuma hutazama namna hali inavyofikiwa. Usiandike kodi ya pili kwa ajili yake. Geuza mishale yote, hali za kuanzia ziwe za kukubali na za kukubali ziwe za kuanzia, kisha ita kodi ileile ya hatua ya 2. Sharti linalobaki ni la hali za kuanzia peke yake. Wapo wanaoongeza na sharti la hali za kukubali za asili. Kwa maneno yenye ukomo hilo halileti kosa, ila linakunyima nafasi za kuunganisha.

Tatizo linaanza pale mtu anapokokotoa uhusiano wa mbele na wa nyuma mara moja, kutoka otomata moja, kisha akaitumia yote miwili kwa pamoja. Chukua otomata nyingine yenye hali tano: 0 ya kuanzia, f ya kukubali, na p, q, r katikati. Kuna mipito 0 –b→ p, 0 –a→ q, 0 –a→ r, p –c→ f, q –c→ f na r –d→ f. Lugha ni bc, ac na ad. Kwa mbele, p na q zinaigana, kwa kuwa zote zinakwenda f kwa c. Kwa nyuma, q na r zinaigana, kwa kuwa zote zinafikiwa kutoka 0 kwa a. Ukizitia jozi zote mbili kwenye kapu moja la makundi, p, q na r zitakuwa hali moja, na neno bd litakubaliwa. Ukiunganisha p na q kwanza, kisha ukakokotoa upya uigaji wa nyuma, utaona hali mpya inafikiwa kwa a na kwa b huku r ikifikiwa kwa a tu, hivyo haziigani tena na kuunganisha kunakoma panapostahili.

Kupogoa kuna hatari hiyohiyo, na yenyewe haionekani upesi. Rudi kwenye mfano wetu kabla ya hatua ya 4. Wakati huo 1 ilifikiwa kwa a na kwa b, na 2 kwa a tu, kwa hiyo kwa nyuma 1 inaiga 2. Kanuni ya kupogoa kwa nyuma inaruhusu kuondoa 2 –b→ 3, kwa kuwa 1 –b→ 3 upo, na kwa otomata ile ruhusa hiyo ni halali: ab ingepita kwenye 1. Lakini sisi tumekwisha kuondoa 0 –a→ 1. Ukitumia uhusiano wa nyuma uliokokotolewa mapema, unaondoa na 2 –b→ 3, na neno ab limetoweka. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Kilichokosekana ni kwamba sababu ya pili ilitegemea mpito ambao ya kwanza ilikuwa imeufuta. Uhusiano wa uigaji ni mali ya otomata ambayo ulikokotolewa kutoka kwayo, na otomata ikibadilika kwa mpito mmoja tu, uhusiano wa upande wa pili haufai tena.

Kwa sababu hiyo ninashikilia kwamba kila hatua iandikwe kama kitendakazi kinachopokea otomata na kurudisha otomata mpya yenye namba mpya za hali, bila kuigusa ya zamani. Ukibadilisha palepale, jedwali la zamani litaendelea kusomwa kwa namba ambazo hazina maana tena.

Zungusha mbele na nyuma hadi idadi ya hali na idadi ya mipito zote zitulie. Usitazame hali peke yake, kwani mzunguko unaofuta mpito mmoja bila kupunguza hali unaweza kuufungulia njia mzunguko unaofuata. Kuanza na nyuma kunaweza kukupa ukubwa tofauti na kuanza na mbele; jaribu yote mawili ubaki na ndogo.

Hatua ya 6: Hakiki

Linganisha otomata ya mwanzo na ya mwisho kwa pande zote mbili, kwa sababu makosa ya kuunganisha huongeza maneno na makosa ya kupogoa huyapunguza. Kwa otomata ndogo, zigeuze zote ziwe bainifu ulinganishe kwa njia ya Hopcroft na Karp.

Usishangae ukiona hali mbili za lugha moja zimebaki. Hali inayosoma a kisha kuchagua b au c haiigwi na ile inayochagua tawi wakati wa kusoma a, ingawa lugha ni moja. Programu ya Reduce ya Clemente na Mayr hutumia uigaji unaotazama herufi kadhaa mbele, nayo hukamata nyingi za namna hiyo. Kwa otomata za maneno yasiyo na ukomo ninaichagua maktaba ya Spot.

Ukihamia huko, kwenye otomata za Büchi (ambazo hukubali neno lisilo na ukomo likipita hali ya kukubali mara zisizo na kikomo), uigaji wa moja kwa moja kama tulioutumia unafaa kuunganisha na kupogoa, mradi katika hatua ya 5 urudishe sharti la hali za kukubali. Uigaji wa kuchelewa, ambamo anayeiga anaweza kufika hali ya kukubali baadaye, unafaa kuunganisha lakini si kupogoa. Uigaji wa haki, unaodai tu kwamba njia ya mwigwa ikikubali basi na ya mwigaji ikubali, haufai hata kuunganisha, kwani unaweza kubadilisha lugha.