Opsheni za hisa: piga hesabu ya hasara kabla ya kubonyeza "uza"

Kwa mnaocheza opsheni za hisa za Marekani (mikataba inayompa mnunuzi haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa): kabla ya kutuma oda, andika hasara kubwa kabisa inayowezekana, kwa dola, si kwa asilimia. Mkataba mmoja kwa kawaida ni hisa 100, hivyo premiamu (bei ya opsheni) ya dola 2 kwa hisa ni dola 200. Ukinunua, hizo 200 ndizo mwisho wa hasara yako, ukiacha kamisheni. Ukiuza, ndizo mwisho wa faida. Umeuza puti (haki ya mnunuzi kukuuzia hisa) ya dola 50 kwa premiamu hiyo? Kampuni ikifa, utalipa 5,000 kwa hisa zisizo na thamani, hasara 4,800 ukitoa zile 200 ulizopokea. Ukiuza koli (haki ya mnunuzi kununua hisa kwako) bila kumiliki hisa zenyewe, hesabu haifungi, maana bei ya hisa haina dari. Hapo mimi hufuta oda. (Kuuza mkataba uliokwisha kuununua ni kujitoa tu, usichanganye.)

Hesabu hii haisemi hasara itatokea mara ngapi: mnunuzi hupoteza kidogo kidogo, tena mara nyingi, kwa kuwa muda unakula thamani ya mkataba. Wala haisemi lini. Uliyemuuzia koli anaweza kudai hisa mapema, hasa siku moja kabla hazijaanza kuuzwa bila gawio.