Wetisuti: angalia maji unayoyaendea, si baridi ya Nairobi

Kosa la kwanza la Mnairobi anayenunua wetisuti, yaani suti ya neoprini (mpira laini) ya kukinga baridi majini, ni kufuata hali ya hewa. Julai hapa sweta haivuliki hadi adhuhuri, basi anadhani na Diani kuna baridi. Wakati huo wa kusi maji ya pwani yetu huwa nyuzi joto 25 za Selsiasi hivi, na kaskazi inapoishia, Machi na Aprili, hukaribia 29. Kwa Diani au Malindi, fulana ya laikra ya mikono mirefu na kaptula vinatosha. Pesa ya wetisuti itunze kwa safari ya mbali.

Hatua ya 1: Tafuta nyuzi za maji, kwa mwezi na kwa ufuo

Jina la mji halitoshi. Chukua Cape Town, Januari, jua la kiangazi linachoma. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na ya chini, yaliyo baridi, hupanda kushika nafasi yake. Upande wa Atlantiki unaweza kukuta nyuzi 12 huku watu ufuoni wakilamba aiskrimu. Muizenberg, ndani ya ghuba upande wa pili, maji yanaweza kukaribia 20. Durban huoshwa na mkondo wa Agulhas, kwa hiyo hata Agosti ni 20 au zaidi kidogo.

Hatua ya 2: Linganisha na unene

Ukiona 4/3, maana yake ni milimita 4 kifuani na mgongoni, 3 mikononi na miguuni ili viungo visogee kwa urahisi.

- Nyuzi 20–23: milimita 2, mikono na miguu mifupi
- 17–19: 3/2
- 13–16: 4/3, pamoja na viatu vya neoprini
- 10–12: 5/4, viatu, glavu na kofia

Ukiwa mwepesi wa kuhisi baridi, au kuna upepo mkali, panda ngazi moja.

Hatua ya 3: Kagua mishono

Mshono bapa, ambao uzi wake unaonekana ndani na nje, umetobolewa na sindano hadi upande wa pili, kwa hiyo unavuja. Kwenye maji ya nyuzi 18 hauna shida. Chini ya 16 tafuta uliogandishwa kwa gundi kwanza, kisha ukashonwa bila sindano kupenya unene wote.

Hatua ya 4: Ijaribu mwilini

Hapa usikimbizwe na muuzaji. Wetisuti haizuii maji kuingia. Huyanasa machache, mwili ukayapasha joto, na viputo vya gesi ndani ya neoprini vikazuia joto hilo lisitoroke. Ikiwa pana, kila wimbi linaingiza maji mapya na joto lote linaoshwa, hata kama umenunua milimita 5.

Wengine huvaa mfuko wa plastiki mguuni ili suti iteleze. Kwetu mifuko hiyo ilipigwa marufuku 2017, na soksi nyembamba inafanya kazi ileile. Vuta kwa nyama ya vidole, kwani kucha huacha mikato ya nusu mwezi inayopanuka baadaye. Panda kidogokidogo: vifundo, magoti, halafu msamba ukae kabisa kabla ya kugusa mikono.

Sasa chuchumaa, inua mikono, zungusha mabega. Uwazi kiunoni nyuma, kwapani au kwenye msamba ni dalili kwamba saizi imezidi. Shingo ibane bila kukukaba. Ikikubana kidogo ikiwa kavu, ni sawa, maana hulegea ikitumika.

Hatua ya 5: Kama ni ya mtumba

Ukiibahatisha Gikomba au Toi, minya magoti na mabega. Neoprini nzima hurudi kama sponji, lakini iliyokufa hubaki bapa na ngumu, na hiyo haina dawa hata kwa bei ya kutupa. Washa tochi ya simu ndani ya mkono wa suti, uvute mshono: nukta za mwanga ndipo maji yatakapopita. Tundu moja au mawili huzibwa kwa gundi ya neoprini. Mstari mzima wa nukta, irudishe kwenye rundo.

Ukifika nayo nyumbani, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uikunje kiunoni juu ya kamba kivulini, ndani ikiwa nje. Kwenye henga nyembamba ya waya, uzito wa maji utayavuta mabega hadi yalegee.